Dondoo Lisilochakaa

Mwongozo wa programu huanza kuchakaa siku mtu anaponakili mistari ya msimbo na kuibandika ndani yake. Chukua programu ya kuwalipa wafugaji wa maziwa wa Njoro na Molo: inazidisha lita kwa bei, inaondoa makato ya usafiri na ya chakula cha mifugo, kisha inatoa malipo ya mwezi. Ushirika ukiongeza makato ya bima, mwanaprogramu wao aliyeko Nakuru mjini atairekebisha faili yake na kuendelea na shughuli nyingine. Mwongozo hauna habari. Mgeni kazini, labda kahitimu Chuo Kikuu cha Egerton juzi, atausoma na kuuamini.

Mafundi wa kazi hii hawabandiki. Sphinx, chombo alichokitoa Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, kina amri iitwayo literalinclude: unataja faili, nacho kinachota humo dondoo la mistari kila mara mwongozo unapozalishwa. Doxygen, chombo kingine cha nyaraka, ina snippet. Java, lugha iliyotumika kuunda OpenMRS, ule mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret mwaka 2006, ilikawia hadi toleo la 18, mwaka 2022, kupata njia yake rasmi.

Amri yenyewe ni rahisi. Ufundi uko kwenye mkato. Mwanagenzi hutaja namba: mstari wa 40 hadi wa 52. Mtu akiongeza mistari mitatu juu yake, msomaji anaonyeshwa hesabu iliyokatwa mkia, na chombo hakisemi neno, maana mstari wa 40 bado upo. Aliyekomaa huweka alama, maoni mafupi juu ya hesabu ya makato na mengine chini yake, kisha anaagiza start-after na end-before. Faili irefuke itakavyo, alama zitahama pamoja na hesabu. Zikifutwa, Sphinx inaonya. Ukiiendesha kwa -W, onyo hilo linahesabiwa kosa na uzalishaji unashindikana. Naupenda ukali huo.

Kuna ustadi mwingine usioonekana kwa haraka. Dondoo likibadilika, sentensi zinazolizunguka hazibadiliki. Ukiandika kwamba programu inaondoa makato mawili, bima itakuumbua kesho yake. Kwa hiyo fundi huliachia dondoo kazi ya kuonyesha kinachofanyika, na maneno yake anayatumia kueleza sababu: kwa nini usafiri unakatwa kabla ya chakula, kwa nini senti hazikadiriwi hadi mwisho wa mwezi. Na pale anapoweza, dondoo hulitoa katika faili za majaribio, ambazo huendeshwa kila msimbo unapoguswa, kwa kuwa kulingana na faili si sawa na kuwa sahihi.

Kama una mwongozo uliojaa mistari ya kubandika, anza kuiondoa ile inayogusa pesa za watu.