Kulaza Ramani Juu ya Ramani

Chukua mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kutoka tambarare za Moshi kupanda Kibosho hadi kwenye msitu, kisha uliza swali ambalo mkulima yeyote wa kule angependa lijibiwe: mvua ikipungua, migomba ya vihamba (mashamba ya nyumbani) vipi huanza kudhoofika? Data za kujibia zipo, tena ni za bure. Makadirio ya mvua yamo katika CHIRPS, hazina inayoanzia mwaka 1981. Mwinuko ulipimwa kwa rada ya SRTM kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11 tu. Hali ya majani hupigwa picha na setilaiti za Sentinel-2 tangu 2015. Ila kila chanzo kimeugawa mlima kwa kipimo chake: mvua kwa visanduku vya kilomita 5 na nusu hivi kila upande, mwinuko kwa pikseli za mita 30, majani kwa pikseli za mita 10. Kisanduku kimoja cha mvua kinameza pikseli za majani zaidi ya laki tatu.

Hapo ndipo inapoanza kazi ninayotaka kuisifu. Ramani ikishakamilika kazi hiyo haionekani, na aliyeifanya hatajwi. Ni kazi ya kuzikalisha tabaka hizi mahali pamoja, kwa kipimo kimoja, bila kuilazimisha hata moja kusema jambo isilolijua.

Tutazame mvua na mwinuko kwa karibu. Kisanduku cha mvua kina upande wa digrii 0.05, sawa na sekunde 180 za digrii. Pikseli ya mwinuko ina sekunde 1. Hesabu inapendeza: pikseli 180 kwa 180, jumla 32,400, ndani ya kila kisanduku, bila salio. Mwenye haraka huishia hapo na kuendelea na mengine. Fundi hufungua maelezo ya faili akasoma kona zake. Visanduku vya mvua vimeanzia hasa kwenye mstari wa digrii kamili, ilhali SRTM imepangwa hivi kwamba mstari huohuo unapita katikati ya pikseli. Gridi hizo mbili, basi, zimepishana kwa nusu pikseli, mita 15 hivi. Kwa mvua hiyo si kitu. Lakini mwinuko huohuo ukilazwa vibaya juu ya majani ya mita 10, umesogea pikseli nzima na ziada, na penye ukingo wa korongo shamba la ng'ambo linapewa mteremko wa upande huu. Nawaheshimu sana watu wanaosoma kona kabla ya kubonyeza chochote.

Kisha kuna namna ya kubadili kipimo chenyewe, na hapa tabaka haziendeshwi kwa kanuni moja. Mwinuko unaweza kuchukuliwa wastani, kwa kuwa kati ya mita 1,400 na 1,420 kweli kuna mita 1,410. Aina za ardhi haziwezi. Ikiwa msitu umepewa namba 1, maji namba 2 na migomba namba 3, wastani wa msitu na migomba ni maji, na kompyuta itakuchorea ziwa kwenye mpaka wa vihamba na msitu bila kusita. Tabaka la namna hiyo hupewa aina iliyo nyingi, au asilimia ya kila aina. Idadi ya watu nayo hujumlishwa: ukichukua pikseli 100 zenye hesabu ya wakazi, ukaziunganisha kwa wastani badala ya jumla, umebakiwa na mtu mmoja katika kila mia.

Ramani za zamani zinadai uangalifu wa aina yake. Zile za karatasi za kipimo cha 1:50,000, zenye mifereji na njia ambazo picha za setilaiti hazizioni chini ya migomba, zilijengwa juu ya mfumo wa Arc 1960. Ukizichukulia kana kwamba ni za WGS84, mfumo wa GPS, zinasogea mita 300 hivi kwenye mhimili wa kaskazini na kusini. Kwenye mlima wenye makorongo yaliyokaribiana, mfereji unaweza kujikuta katika shamba lisilo lake.

Kishawishi kikubwa kuliko vyote ni kukata mvua vipande vya mita 10 ili ilingane na majani. Programu inafanya hivyo kwa dakika chache, na ramani inatoka laini, nzuri, ya kuvutia mfadhili. Lakini hakuna tone jipya lililopimwa. Kwenye mteremko huu mvua huongezeka kadiri unavyopanda hadi ndani ya msitu, karibu na mita 2,200, halafu hupungua kuelekea kileleni. Na ndani ya kisanduku kimoja mwinuko hubadilika kwa mamia ya mita. Mkulima wa juu na wa chini wameandikiwa mvua moja. Kuilainisha namba hiyo ni kuwaahidi wote wawili maarifa ambayo hatuna.

Napenda zaidi njia ya kinyume: kuyapandisha majani hadi kwenye kisanduku cha mvua, lakini bila kuyapondaponda yakawa namba moja. Kwa kila kisanduku unaandika sehemu yake iliyo migomba, majani ya kawaida ya migomba hiyo yalivyo, yaliyo dhaifu kabisa yamefikia wapi, na tofauti kati ya nusu ya juu na nusu ya chini ya mteremko. Visanduku vinavyobaki ni vichache, lakini kila kimoja kinaweza kuulizwa swali la mvua na kikajibu kwa haki, mwaka hadi mwaka, tangu 2015. Miaka ya nyuma zaidi inahitaji picha za Landsat, za mita 30, na kona zake zisomwe upya.