Makaroni ya Kuoka Mjini Durban

Hakuna anayewasha oveni kwa ajili ya sahani moja ya makaroni. Makaroni ya kuoka hupikwa kwa treya, na treya hupikwa kwa kundi: futari ya Ramadhani, mchana wa Idi, wageni walioshuka basi la Johannesburg na njaa zao, au Jumapili ile ambayo ndugu wote wameahidi kupita. Katika pwani yetu ya Waswahili chakula hiki kina heshima yake mezani, kando ya pilau na sambusa, ingawa hakuna atakayekuapia kwamba ni cha mababu. Ni cha kuja. Lakini Durban nako wengi ni wa kuja, na chakula hupata uraia upesi kuliko binadamu.

Ukitaka kuyapika huko, anzia Soko la Victoria Street. Lile la zamani liliteketea kwa moto mwaka 1973, na hili la sasa likafunguliwa mwaka 1990, lakini biashara yake haikubadilika: vilima vya masala vya rangi ya udongo mwekundu, manjano na hudhurungi, na ng'ambo ya barabara wachinjaji na wauza samaki, na vichwa vya kondoo vimepangwa vikikutazama. Hatua chache kutoka hapo pana msikiti wa Juma wa Grey Street, ambao kiwanja chake kilinunuliwa mwaka 1881, na kanisa kuu la Emmanuel, na kati ya nyumba hizo mbili za ibada unapita uchochoro wa maduka uitwao Madressa Arcade. Wahindi waliouanzisha mtaa huu ni wa namna mbili. Kuna wale wa mkataba, ambao meli yao ya kwanza, Truro, ilitia nanga tarehe 16 Novemba 1860 ikitoka Madras, wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa. Na kuna wafanyabiashara, wengi wao Wagujarati, waliojilipia nauli na kufuata baadaye. Wote walikuja na viungo vyao, na hakuna sufuria ya mji huu ambayo haikuguswa navyo, iwe ya Mzulu, ya Mhindi au ya Mzungu.

Kiswahili nacho utakisikia hapo. Siku hizi ni Kiswahili cha Bukavu, Uvira na Lubumbashi, kinachotoka vinywani mwa Wakongo wanaolinda magari mitaani, baadhi yao wakiwa na shahada walizoziacha sandukuni. Lakini uhusiano wa Durban na upande wetu ni wa zamani kuliko hao. Mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilianza kuleta Natal, yaani upande huo wa Durban, watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa na kupitishwa Zanzibar. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Walipofika wakafungwa mikataba ya kazi kwa mabwana wapya, uhuru wa namna yake huo, na baadaye wakajenga makazi yao Bluff, mahali paitwapo King's Rest. Mji ukawaita Wazanzibari. Serikali ya ubaguzi ilipokuja na daftari lake la rangi, ikakosa pa kuwaweka, ikawaandika kuwa ni "Waasia Wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, kwenye mtaa wa Wahindi. Ndiyo sababu leo kuna Wamakua wa Durban wenye jina la Zanzibar, wanaoishi ukuta kwa ukuta na harufu ya mchuzi wa Kitamil.

Katika mji kama huo hakuna haja ya kuuliza makaroni ni ya nani. Afadhali tuulize yanapikwaje, maana hapo ndipo penye ufundi, na ufundi wenyewe unasifiwa kidogo mno. Watu husifu biriani, husifu mkate wa maji, husifu hata ugali uliosongwa vizuri. Makaroni husifiwa kwa kuliwa tu. Mimi nasema ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu ni vyakula vitatu vinavyopikwa mbalimbali, na kila kimoja lazima ukiondoe motoni kabla hakijawa tayari. Mpishi wa kawaida huogopa kuacha kitu kibichi. Fundi wa makaroni anaishi kwa kuacha vitu vibichi kidogo, kwa makusudi, akiiwekea oveni kazi ya kufanya.

Tuanze na nyama ya kusaga. Kosa lililoenea ni kuimwaga yote sufuriani kwa mpigo. Sufuria hupoa, nyama hutoa maji, nayo hujichemkia katika maji yake mpaka ikawa ya kijivu. Ikaange kwa mafungu, kwenye sufuria pana yenye moto mkali, na ukishaitandaza usiiguse dakika mbili tatu. Mwiko una subira zake. Maji yakishakauka na upande wa chini ukageuka hudhurungi, ndipo uigeuze. Ile rangi ndiyo ladha, na haipatikani katika mvuke. Kisha vitunguu maji, thomu na tangawizi, halafu masala. Masala ya Durban yana pilipili nyekundu nyingi, dania, bizari nyembamba, mdalasini na iliki, na yanapenda kutawala. Yapunguze. Kwa nyama ya robo tatu ya kilo, kijiko kimoja cha chai kinatosha, nayo yakaangwe kidogo katika mafuta kabla ya nyanya kuingia, la sivyo yatabaki na ladha ya vumbi. Pale sokoni wanauza mchanganyiko mmoja mkali wenye jina la kizaha la kumwangamiza mama mkwe. Makaroni hayautaki, na mama mkwe, ambaye ndiye mlaji mkuu wa treya hii, hautaki pia.

Nyanya ziwe mbivu, zikunwe, zisaidiwe na kijiko cha nyanya ya kopo. Acha zitokote mpaka mafuta yaanze kuelea pembeni. Na hapo, papo hapo, zima. Rojo likiwa bado linatiririka, ukipitisha mwiko katikati na njia ikajifunga yenyewe polepole, limefika. Ukilikausha kama nyama ya sambusa umeiharibu treya nzima, kwa sababu makaroni yatakapoingia ndani yatatafuta cha kunywa, yasikipate.

Makaroni yenyewe yana historia ndefu, na sehemu yake ni ya Kiarabu. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154 kwa amri ya mfalme Roger wa Sicily, anataja mji wa Trabia karibu na Palermo, ambako ilitengenezwa itriya, tambi kavu za ngano, zikapakiwa melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kavu, hilo ndilo neno. Ngano ngumu iliyokaushwa vizuri husafiri, haiozi, na ndiyo maana ilifika kila bandari. Upande wetu, Waitalia waliitawala Somalia kwa miongo kadhaa, na Wasomali wakaigeuza tambi ya mtawala kuwa chakula chao cha mchana, na nyama na bizari juu yake. Waitalia wengine walifika Afrika Kusini katika Vita vya Pili vya Dunia, wakiwa mateka wa vita. Karibu na Durban, pale Pietermaritzburg, bado limesimama kanisa la mawe walilojijengea. Siku hizi makaroni ya pakiti yamo katika kila duka la mtaani, gramu 500, bei ya mnyonge.

Pakiti ikikwambia dakika nane, wewe toa kwenye tano. Ukitafuna moja usikie ugumu katikati, kiini kikiwa bado cheupe. Maji ya kuchemshia yawe mengi na yawe na chumvi, kwa sababu hapo tu ndipo chumvi huingia ndani ya makaroni. Baadaye utaishia kuitia nje. Chuja, usiyasuuze kwa maji baridi. Wapo wanaoyasuuza ili yasishikane, wakasahau kwamba ule utelezi wa wanga ndio utakaoshika sosi.

Sosi nyeupe ndiyo inayotisha watu, wakati ni hesabu nyepesi: siagi gramu 80, unga wa ngano gramu 80, maziwa lita moja. Siagi iyeyuke, unga ukaangwe dakika mbili bila kubadilika rangi, maziwa yaingie kidogo kidogo huku unakoroga. Mabonge hutokea kwa sababu punje za unga zikikutana na maji ya moto kwa ghafla huvimba kwa nje na kufungia ndani unga mkavu. Ukianza na maziwa machache na ukakoroga mpaka uji ukawa laini, yaliyobaki yatafuata bila matata. Kisha kungumanga. Usinunue ya unga, inakuwa imeshakufa. Nunua nzima, ikune hapo hapo juu ya sufuria, kidogo sana. Inayotoka Unguja na Pemba haina haja ya kusifiwa na mimi. Sosi hii nayo iache nyepesi kuliko unavyodhani, kama uji wa mgonjwa, kwa sababu oveni itaizidishia uzito.

Kuna madhehebu mawili hapa. Wengine hawataki sosi nyeupe kabisa. Hupiga mayai kwa maziwa, wakamimina juu, yakagandia ovenini. Afrika Kusini ni nchi ya mayai: makaroni yao ya jibini mara nyingi huwa na mayai na maziwa, na bobotie, ile nyama ya kusaga ya Waislamu wa Cape, hufunikwa hivyo hivyo na kuokwa. Upande wa pili wako Wagiriki na Wamisri, ambao hawasikii la mtu kuhusu sosi nyeupe. Mimi nasimama na sosi nyeupe, lakini huivunjia mayai mawili ikishapoa kidogo. Mayai peke yake hutoa maji treya inapolala, na sosi peke yake humwagika kisu kinapopita. Vikiwa pamoja, kipande husimama.

Panga hivi: changanya makaroni na theluthi ya sosi nyeupe, nusu yake iende chini, nyama yote katikati, makaroni yaliyobaki juu, halafu sosi iliyobaki na jibini ya cheddar iliyokunwa. Jibini ikiwa ghali mwezi huo, chenga za mkate zilizopakwa siagi zitafanya kazi nzuri, na mgeni atakayelalamika hafai kualikwa tena. Oveni nyuzi 180, nusu saa au zaidi kidogo, mpaka pembeni pachemke na juu pawe na madoa ya hudhurungi.

Hayo ni ikiwa umeme upo. Mwaka 2023, ambao ulikuwa mbaya kuliko yote kwa mgao wa umeme Afrika Kusini, treya nyingi za Durban zilikatiwa moto zikiwa nusu njia, saa mbili na zaidi kwa mkupuo. Hapo ndipo ujuzi wa bibi zetu ulipostahili kuitwa. Kabla ya oveni, Waswahili walioka kwa kupalia makaa: sufuria juu ya moto mdogo, bati au kifuniko juu yake, na makaa ya moto juu ya kifuniko. Ndivyo ulivyoivishwa mkate wa kumimina, na wali hukaushwa hivyo mpaka leo. Durban ina chombo kinachofaa kazi hiyo kuliko sufuria zetu za bati, nacho ni chungu cha chuma cha Kizulu na Kikaburu, kizito, chenye kifuniko kizito. Kipake siagi, jaza makaroni, weka makaa machache chini na mengi juu, kwa sababu chini kuna cha kuungua na juu kuna cha kupamba. Matokeo, kwa maoni yangu, yanaishinda oveni. Chuma kizito hutunza joto pande zote, na ukoko hupatikana juu, chini na ubavuni.

Elimu ya aina hii aghalabu hufa na wenye nayo, kwa kuwa hakuna anayeiandika. Durban walikuwa na bahati. Mwaka 1961 Women's Cultural Group, chama cha wanawake kilichoundwa mwaka 1954, kilichapisha kitabu cha mapishi kiitwacho Indian Delights, Zuleikha Mayat akiwa mhariri. Walikusanya mapishi ya akina mama, na kitabu kikachapishwa tena na tena, na mapato yake yakasomesha vijana. Sisi wa pwani bado tunategemea simu kwa shangazi, na shangazi hupima kwa kiganja.

Treya ikitoka, iache itulie robo saa, na wanaosimama mlangoni na sahani wafukuzwe. Ikikatwa mapema itamwagika, na kazi yote ya tabaka haitaonekana. Na kwenu walaji nina ombi moja: pembe nne, ambazo zina ukoko juu na pande mbili, ni za mpishi. Msizikate kabla hajakaa.