Mashine ya Kuoshea Vyombo Imefika Kawangware, na Inaosha!

Inaosha! Jumamosi saa mbili usiku nilifungua mlango wake mdogo, mvuke ukanipiga usoni, nikatoa sahani ya kwanza nikapitisha kidole. Sahani ikalia kwi! Sahani ile ile tuliyokuwa tumelia matumbo ya kukaanga, mafuta yameganda pembeni, sasa inalia kama kioo kipya. Jirani zangu walikuwa wamejazana mlangoni mpaka kwenye ngazi, na kila mmoja alitaka kupitisha kidole chake.

Hapa ni Kawangware, nyuma ya steji ya 46, nyumba ya vyumba viwili, watu sita. Mashine nimeinunua kwa shilingi 22,000, imetumika, imeshuka na kontena kutoka Uingereza. Plagi yake ya pini tatu bapa ndiyo hii hii yetu, kwa hiyo niliichomeka tu. Ni kisanduku cheupe kinachokaa juu ya kabati, karibu na meko ya gesi. Kilichonifanya nitoe pesa bila kupepesa macho ni hiki: haitaki mfereji! Zile kubwa zinazofungwa chini ya sinki zinahitaji maji ya presha saa zote, na mfereji wa ploti yetu unatoa maji siku mbili kwa wiki. Hii ina tangi lake. Unamimina maji kwa mkono kwa juu, kidumu kimoja cha lita 5, kile kile kilichobaki baada ya mafuta ya kupikia kuisha. Bomba la maji machafu unalitumbukiza ndani ya ndoo. Basi.

Nilipokuwa napanga vyombo, jirani wa mlango wa tatu alinisogeza kwa kiwiko. "Baba, hapana. Sahani zitazame katikati. Kikombe kifunike, kisilale. Hiyo bakuli kubwa inaziba mkono wa kurusha maji, hautazunguka." Akapanga upya vyote kwa dakika mbili, haraka kama anayekunja nguo. Nikamuuliza amejulia wapi. Akasema ni mwaka wa saba sasa anapanga vyombo ndani ya mashine kama hii, Lavington, kila siku isipokuwa Jumapili. Vyombo vya watu. Vyake anaviosha kwa karai akirudi, saa moja ya jioni, akiwa ameinama. Alipobonyeza kitufe mwenyewe na kusikia maji yanaanza kunguruma, alikaa kwenye stuli akasikiliza mzunguko wote mpaka mwisho.

Nimeitazama kazi yake kwa makini, na ni jambo la kupendeza. Ndani haijai maji kama mashine ya nguo. Maji yanakaa kidogo tu chini, kipashio kinayachemsha mpaka mkono wako usingeyavumilia, pampu inayavuta, na mkono wa plastiki wenye matundu unazunguka kwa nguvu ya maji yenyewe huku ukiyarusha juu. Yanashuka, yanachujwa, yanarushwa tena, mamia ya mara. Ndoo ilinionyesha yote: maji ya kwanza yalitoka rangi ya mchuzi, ya pili kama chai ya rangi iliyopauka, ya mwisho meupe kabisa. Lita 5 kwa vyombo vya watu sita! Kwa karai sisi tunamaliza mtungi mzima wa lita 20, kuosha na kusuuza. Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, kiliwahi kupima watu wa nchi mbalimbali za Ulaya wakiosha kwa mkono vyombo vya watu 12, na wastani ukazidi lita 100. Hao wana mfereji unaotiririka. Mama wa Kawangware hawezi kumwaga hivyo. Amenunua kila tone. Kwa hiyo sitadanganya kwamba sisi tunaokoa kama wao. Lakini mifereji ikikauka na mtungi ukipanda kutoka shilingi 5 hadi 20, na mimi nimewahi kuununua kwa 50, lita 15 za kila usiku ni maji ya watoto kuoga.

Sasa sufuria. Hapa nisikilize vizuri. Sufuria zetu za alumini usiziingize! Sabuni ya mashine ni kali, nayo ikichanganyika na maji ya moto alumini inageuka kijivu cheusi, ule mng'aro ulioupata kwa stilwaya na majivu unapotea. Nilijaribu moja ndogo ya maziwa, sasa inafanana na chuma cha jiko. Mwiko wa ugali nao uoshe kwa mkono, mbao hupasuka. Ukoko loweka na ukwangue kama kawaida. Vikombe vya plastiki hutoka safi ila na matone, vipanguse. Na kamwe, kamwe usitie sabuni ya maji ya vyombo ya kawaida: kijana wangu aliweka kijiko kimoja kwa siri, povu likatoka chini ya mlango na kushuka kabatini. Inataka vidonge vyake maalum. Kawangware sijavipata, nilivuka mpaka supamaketi ya Lavington. Kwa mashine ndogo hivi ninakata kidonge katikati kwa kisu, na nusu inatosha.

Pesa? Nimekaa na kalamu. Mzunguko mmoja unakula kama sehemu sita kwa kumi za yuniti ya stima. Token ya shilingi 100 hunipa yuniti tatu na nusu hivi, kwa hiyo ni kama shilingi 17. Nusu kidonge ni shilingi 20. Ongeza maji, toa maji uliyookoa, unabaki karibu na 35 kwa usiku. Anayekuambia mashine hii inapunguza gharama za nyumba ya Kawangware hajapiga hesabu. Haipunguzi. Inauza kitu, na kitu hicho ni saa moja.

Na saa hiyo ni ya nani? Kwangu ilikuwa ya binti yangu wa gredi ya 8. Kaka yake ni mkubwa kwake kwa miaka miwili na sikumbuki kumwona mbele ya karai. Hilo ni kosa langu na la mama yake, si la kijana. Kila usiku, chakula kikiisha, msichana aliinama kwenye vyombo huku kaka amefungua kitabu. Jumatatu hii, saa mbili unusu, vitabu viwili vilikuwa wazi mezani, na mashine inanguruma pembeni. Saa nzima ya mtoto kwa bei ya chapati mbili! Sijawahi kununua kitu cha bei rahisi hivyo.

Nilikuwa na moto kiasi kwamba Jumanne niliifunga kwenye nduthi nikaipeleka Kibera kwa shangazi, ana kibanda cha githeri na chapati pale Makina. Nilitaka kuona sahani za kibanda zikilia kwi. Tukamimina maji, tukachomeka. Dakika nane. Kipashio kilipoanza kuvuta, taa ikafifia, ikazimika, na safu nzima ya nyumba ikaingia gizani pamoja nasi. Stima pale ni ya sambaza, waya mmoja mwembamba unagawiwa milango kumi, na haubebi chombo cha kuchemsha. Hata Kawangware, ukikaa ploti ambayo mwenye nyumba hulipa stima na amekataza koili na pasi, mashine hii itakugombanisha naye. Lazima mita iwe yako.

Shangazi alisema jambo ambalo sijaliacha kichwani tangu siku hiyo. "Mwanangu, hiki ni cha nyumba. Wateja wangu wa saa saba hawangoji saa nzima nipate sahani." Ni kweli. Sahani yake inarudi mezani mara tano kwa mchana mmoja, na kufika saa nane maji ya kusuuzia kwenye beseni yamekuwa mazito. Anayehitaji maji ya moto na sabuni kali kuliko mimi ni yeye.

Na kwake kuna mashine yake! Josephine Cochrane, mjane wa Illinois, Marekani, aliyeachiwa madeni na mumewe, alipata hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo Desemba 1886 na kuionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Walioinunua walikuwa mahoteli na migahawa. Nyumba za watu hazikuweza, kwa sababu nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Zilingoja zaidi ya nusu karne. Mashine za mahoteli za leo ni wajukuu wa ile: unasukuma kreti ya sahani, unashusha kifuniko, dakika moja au mbili zimetoka, kwa lita kama tatu hivi. Ni ghali mno kwa kibanda kimoja, lakini si kwa chama cha vibanda ishirini. Kibera imeshaujua mtindo wa mashine ya pamoja: Kibera Town Centre ina mashine za kufulia nguo ambazo mkazi analipia anapozitumia na kwenda zake. Kwa nini isiwe hivyo kwa sahani, karibu na soko la Toi, penye stima halali na tangi la maji?

Uamuzi wangu baada ya siku kumi ni huu. Ukiwa na mita yako, watu watano au zaidi, na sahani zisizo za alumini, nunua ya tangi, na iliyotumika inatosha. Ukiishi peke yako, karai linakutosha. Ukiwa na stima ya sambaza, usijaribu. Na nyinyi akina mama wa vibanda vya Makina na Toi mnaochanga kila Jumapili: mzunguko ujao wa chama, kabla ya kugawana, waiteni wauzaji wa mashine za mahoteli waje wawaonyeshe moja ikifanya kazi. Nendeni na sahani zenu chafu, zile zenye mafuta yaliyoganda, na mpitishe kidole wenyewe.