Fundi Asiyekimbilia Skurubu

Toyota RAV4 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1994, ina skurubu ndogo pembeni ya papiyo, kile kibati cha mviringo kinachofungua njia ya hewa dereva akikanyaga mafuta. Kiwanda kiliitega mara moja, kibati kisisugue ukuta wake, wala hakikukusudia iguswe tena. Gari likiletwa garaji likinguruma huku limesimama, ralanti, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, imepanda hadi mizunguko 1,500 kwa dakika badala ya 750 hivi, mkono wa haraka huenda hapo hapo. Huku Kindu, mashariki mwa Kongo, katika garaji za komini ya Kasuku, ninaopenda kuwatazama ni wale ambao mkono wao hauendi.

Kuwapenda kwangu kuna sababu ya mfukoni pia. Esansi, yaani petroli, inafika huku mkoani Maniema baada ya safari ndefu, na bei yake inaonyesha. Mto Lualaba nao hapa mjini hauna daraja. Gari linalosubiri kivuko cha kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, huku injini ikikimbia bure linakunywa fedha ya mwenye nalo. Likiwa la gia otomatiki ni baya zaidi, maana linasukuma mbele hata mguu ukiwa kwenye breki, na mteremko wa kushukia mtoni si mahali pa kubishana na gari. Ndiyo maana dereva huomba, "Papa, punguza tu nirudi kazini." Fundi wa kweli huitikia kwa upole na hapunguzi kitu.

Anajua kwamba injini hiyo haipimi hewa inayoingia. Inapima shinikizo ndani ya manifoldi na kukisia hewa kutokana nalo. Ni njia ambayo kampuni ya Bosch ilianza kuiuza mwaka 1967 katika magari ya Volkswagen, na Toyota iliitumia kwa miaka mingi. Mpira mmoja ukipasuka, hewa huingia kwa mlango wa wizi, shinikizo hupanda, na kompyuta huona kana kwamba dereva amekanyaga. Inaongeza mafuta, mizunguko inapanda. Injini inatii habari iliyopewa. Kwa hiyo kazi yote ni kutafuta habari hiyo imetoka wapi.

Kwanza anavuta waya wa mafuta kwa vidole viwili kuona kama una ulegevu kidogo. Kisha anashika koleo na kubana mipira ya hewa mmoja mmoja, ule mnene wa breki ukiwemo, sikio lake likiwa limeinama. Anapoubana ule uliotoboka, injini hushuka papo hapo. Kwenye maungio yasiyobanika hudondosha maji: tone likinyonywa, mlio hubadilika kwa nukta moja tu, na mtu anayeongea wakati huo hasikii kitu. Nimeona garaji nzima ikinyamazishwa kwa kiganja kilichoinuliwa.

Mipira ikiwa mizima, anafungua njia kubwa ya hewa na kuziba kwa kidole kitundu kidogo kilichomo karibu na papiyo. Ralanti ikianguka, hewa ya ziada inapitia vali ya ralanti iliyofungwa chini yake. Anaitoa, na ndani mna masizi mazito yaliyoifanya ikwame wazi. Esansi kidogo, mswaki mkuukuu, na subira. Hakwangui kwa bisibisi, maana mkwaruzo mmoja humo ni njia mpya ya hewa.

Sasa gasketi ya vali hiyo imechanika, na mpya ingengojewa kwa ndege au kwa reli ya kutoka kusini. Hapa ndipo ninaposogea karibu. Anatandaza karatasi nzito juu ya mdomo wa chuma na kugonga ukingoni kwa nyundo, polepole, hadi ukingo wenyewe uikate karatasi. Matundu ya bolti huyatoboa kwa gololi ya beringi: anaiweka juu ya tundu, pigo moja. Gasketi hiyo hutenga hewa na maji ya rejeta yanayopita jirani yake, hivyo kosa la upana wa ukucha litaingiza maji panapopita hewa. Anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, na isipomridhisha anakata nyingine. Hakuna anayemlipa kwa ile ya kwanza.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kwangu ndio mtihani wa akili. Ralanti imebaki juu kiasi, mipira mizima, vali safi. Fundi anaunganisha vituo vya TE1 na E1 kwa kipande cha waya katika kisanduku cha uchunguzi, na taa ya injini inaanza kukonyeza. Ingekonyeza mara mbili, ikapumzika, kisha mbili tena, ingekuwa 22, yaani saketi ya kipima joto cha maji. Lakini haitaji kosa lolote. Basi anashika mpira wa juu wa rejeta na kuukuta vuguvugu tu, ingawa gari limetembea mjini kutwa. Kuna mtu aliyeng'oa termosta, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta kabla hayajapata moto, akidhani anaikinga injini na joto la Kongo. Kipima joto kinasema kweli, maji hayajapata moto, na kompyuta inailea injini kama ya alfajiri. Dawa ni kurudisha kile kilichotupwa, na kumweleza mwenye gari kwa nini, jambo linalochukua muda kuliko kukifunga.

Baada ya hayo dereva hutaka ufunguo wake. Fundi humwomba gari lilale, kwa kuwa injini ya moto inaonyesha nusu ya kazi tu. Asubuhi, ikiwa imepoa kabisa, lazima ianze juu ya mizunguko 1,000, kisha ishuke taratibu kadiri maji yanavyopata moto, hadi itulie kwenye 750. Ikianza moja kwa moja chini, naye anafungua boneti tena.