Zabbix Ikigoma, Usiizime SELinux

Tuchukue seva iliyowekwa Voi kuangalia rauta na antena za Mwatate, Wundanyi na Taveta. Fundi amesakinisha Zabbix, programu ya uangalizi huo, juu ya Rocky Linux. Huduma imewaka, lakini ukurasa wa wavuti unadai seva ya Zabbix haifanyi kazi. Hapo wengi huandika setenforce 0, inayolegeza ulinzi wa SELinux kwenye seva nzima, ukurasa ukatulia, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Napinga tabia hiyo kwa nguvu zote.

SELinux, ambayo shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliitoa hadharani mwaka 2000, huupa kila mchakato lebo na mipaka yake. Huduma ya wavuti hubeba lebo httpd_t, na sera haiiruhusu kufika poti 10051 ambako Zabbix husikiliza. Kwa hiyo Zabbix ni nzima. Kilichozuiwa ni ukurasa unaoiulizia hali. Amri ausearch -m avc -ts recent huonyesha katazo hilo waziwazi: nani aliomba, alitaka nini, kwa nani.

Dawa yake ni setsebool -P httpd_can_connect_zabbix on. Maelekezo mengi hupendekeza httpd_can_network_connect. Nayo hutibu, ila huiachia wavuti ifikie poti yoyote, popote. Chagua ile finyu.

Kisha huja makatazo ya Zabbix yenyewe, na hapa ndipo penye ufundi. Sera ikiwa kali, programu hukwama kwenye katazo la kwanza, hivyo huoni yanayofuata. Badala ya kulegeza seva nzima, legeza lebo moja tu: semanage permissive -a zabbix_t. Zabbix itapita huku kila kosa likiandikwa. Iache ifanye kazi zake zote, pamoja na kutuma tahadhari, ndipo usome rekodi. Panapokosekana swichi iliyokwisha tengenezwa, audit2allow -M huunda moduli. Soma faili lake la .te mstari kwa mstari kabla ya kuipakia moduli kwa semodule -i, maana chombo hicho huruhusu chochote kilichokatazwa, hata kilichostahili kukatazwa. Ukimaliza, ondoa ulegevu kwa semanage permissive -d zabbix_t.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Seva hii huwa na njia ya kufikia kila kifaa cha mtandao, mara nyingi pamoja na nywila zake. Februari 2022, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, liliuweka udhaifu CVE-2022-23131 kwenye orodha ya unaotumiwa na wavamizi. Palipowashwa uingiaji wa SAML, mgeni aliweza kuingia kwenye ukurasa wa Zabbix kama msimamizi. Mvamizi akishafika hapo, lebo ni miongoni mwa vizuizi vichache vilivyobaki mbele yake.

Herufi -P ya setsebool nayo isisahaulike. Bila hiyo, mpangilio hupotea umeme ukikatika na seva kuwaka upya, na fundi huenda wakati huo yuko Taveta. Izime na kuiwasha seva kwa makusudi ungali mbele yake, uhakikishe getenforce inajibu Enforcing na vituo vyote vitatu vinaonekana.