Mwana Mpotevu Aliyezuiliwa Mlangoni

Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, Marekani, kinachomilikiwa na kanisa la Wamormoni, kilipokea maonyesho ya mchongaji Mfaransa Auguste Rodin. Uongozi uliziondoa sanamu nne: Busu, Yohana Mbatizaji Akihubiri, Mwana Mpotevu, na ile ya mwandishi Balzac. Baadhi ya wanafunzi waliandamana.

Wapendwa, tusikimbilie kuwacheka viongozi wale. Chuo cha kanisa kina haki ya kuchagua kinachowekwa ukumbini mwake, na mzazi aliyempeleka mtoto huko anategemea hivyo. Busu tungeliacha bila kusononeka. Hao wawili wametoka katika utenzi wa Dante, mke wa mtu na shemeji yake, na uzuri wa kazi ile unatusahaulisha kabisa kwamba kuna mume nyumbani. Kwa Yohana pia tuna neno. Marko anamvika singa za ngamia na mshipi wa ngozi. Rodin amemvua vyote. Alitaka tuone mwili unavyotembea, na Injili ikabaki nyuma.

Lakini Mwana Mpotevu! Kijana amepiga magoti, kifua kimejikunja kwa nyuma, mikono yote miwili ameitupa juu kama mtu asiye na kingine cha kushika. Hapo hakuna cha kutamani. Tena katika Luka 15, agizo la kwanza la baba ni vazi lililo bora. Vazi hilo lina uzito gani kwetu kama hatujamwona kijana akiwa hana kitu? Katika picha zetu za shule ya Jumapili huwa nadhifu mno, utadhani katoka kwa fundi cherehani.

Luther aliporudi Wittenberg mwaka 1522 alikuta watu wameanza kuondoa sanamu makanisani kwa pupa. Alihubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu sana. Alichokataa ni kuondoa kitu kwa nguvu kabla neno halijafundisha mioyo. Pale Utah sanamu ziliondolewa, na somo likaondoka nazo.

Sisi tungempa Mwana Mpotevu chumba chake, Biblia mezani ikiwa imefunguliwa Luka 15, na mwalimu karibu wa kujibu maswali, hata yale ya aibu. Asiyetaka kuingia asilazimishwe.