Kitabu cha "Uhuru wa Watumwa" na Lugha Yake

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hii twaipenda, nasi walimu huwakariria watoto wanapoanza kuona haya kusema lugha ya nyumbani. Lakini wako watu katika pwani ya Kenya ambao methali hii haiwafai. Hao hawakuacha asili yao ndipo wakawa watumwa. Walitiwa utumwani kwanza, na asili ikanyang'anywa mikononi mwao. Habari zao zimo katika kitabu kidogo kiitwacho "Uhuru wa Watumwa," kilichotungwa na James Mbotela na kupigwa chapa na Sheldon Press ya London mwaka 1934. Twataka kukipima kitabu hicho, sifa zake na upungufu wake, hasa kwa upande wa lugha.

Mtungaji alikuwa wa uzao wa watumwa waliofunguliwa, waliokaa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mji huo ulianzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Kitabu chasimulia jinsi watu wa bara walivyotekwa, wakafungwa, wakatembezwa mpaka pwani, wakajazwa majahazini, hata manowari za Waingereza zikawaokoa. Maneno yake ni mepesi na masimulizi yake hayana mapambo. Mzee asiyejua kusoma aweza kusomewa jioni barazani akaifuata habari yote, naye asihitaji kufasiriwa. Hiyo ni sifa kubwa kwa kitabu chochote.

Hata hivyo upungufu upo. Mtungaji amemsifu Mwingereza kupita kiasi, na lawama amemtwika Mwarabu. Kwamba manowari ziliwaokoa watu ni kweli, wala hatukatai. Lakini kabla Uingereza haijaipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, merikebu zake zenyewe zilichukua Waafrika wengi mno kuvuka bahari ya Atlantiki. Tena si wote waliongoja kuokolewa. Watoro wengi walitoka mashambani kwa miguu yao wakakimbilia Rabai, ambako aliwapokea William Jones, Mwafrika aliyeuzwa utotoni, akafunguliwa, akalelewa Nasik katika Bara Hindi. Wenye watumwa wakadai mali yao. Mwanzo wa mwaka 1889, watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni wakapewa hati za uhuru, mabwana zao wakiisha kulipwa fidia. Msomaji na aziweke habari hizi kando ya kitabu, apate kujua kwamba uhuru ulitolewa, na tena ulitafutwa na wenyewe.

Basi jambo hilo la kujitafutia ndilo tulionalo katika lugha ya kitabu, kuliko katika habari zake. Walioletwa Frere Town walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, nao hawakusikilizana. Wengine walitoka Nasik wakiwa na Kiingereza na Kihindi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha sokoni, shambani, shuleni na kanisani. Nacho, tukumbuke, kilikuwa lugha ya misafara ile ile iliyowaleta pwani. Kwa lugha hiyo mnyapara alitoa amri, na kwa lugha hiyo bei za watu zilipatanwa. Wangaliweza kuichukia, na nani angaliwalaumu? Lakini waliichukua wakawabembelezea watoto, wakaiombea, wakaisomea, hata akatokea mtu wa uzao wao akasimulia habari za waliouzwa kwa lugha ya waliouza. Manowari haikuweza kuwapa jambo hilo. Walijipatia wenyewe, nasi twaliona kuwa ndilo kubwa katika kitabu hiki, ingawa mtungaji hakulifanya kuwa nguzo ya masimulizi yake.

Tazameni na maneno. Mtumwa ni mtu aliyetumwa, asiye na shauri lake. Na neno "mtume," ambalo ni la heshima, latoka katika kitendo kile kile cha kutuma. Zamani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, na mtu wa bara aliitwa mshenzi hata akiwa na adabu kuwapita wenye mji. Maneno hayo yalikuwa kama boma lenye mlango mmoja, na mlango wenyewe ni kuzaliwa. Watu wa Frere Town hawakuwa na ufunguo wake.

Lakini faida yao ilikuwa na gharama. Kiyao na Kinyasa havikurithiwa na wajukuu kama walivyokirithi Kiswahili, na pamoja na lugha huenda majina ya mababu, mafumbo na mashairi ya kutwangia. Wao hawakuchagua hasara hiyo. Sisi ambao bado tunazo lugha za nyumbani tusijitafutie hasara yao kwa hiari. Mtoto na ajue Kiswahili sawasawa, wala asimcheke nyanya yake. Na mtu wa pwani asimcheke mtu wa bara kwa matamshi, maana hiyo ndiyo njia ya kulijenga boma mara ya pili.

Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru, na neno lililotangulia katika jina la kitabu likawa neno la taifa zima. Katika jamaa ya Mbotela alitoka pia Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio aliyefariki mwaka 2025. Kwa miaka mingi aliendesha kipindi kiitwacho "Je, Huu ni Ungwana?" akiwauliza Wakenya habari za mwenendo wao. Watu waliokataliwa ungwana kwa sababu ya kuzaliwa, uzao wao ukawa ndio unaouliza ungwana ni nini. Na jibu likawa ni matendo ya mtu, si ukoo wake.

Kwa hiyo kisomeni kitabu hiki, ndugu wasomaji, pamoja na upungufu wake. Wasomeeni watoto, kisha waulizeni, "Nani aliwapa watu hawa uhuru? Na lugha yao, nani aliwapa?" Wakijibu la kwanza haraka, wakasita katika la pili, basi wamesoma vema.